SONATA MOJA, WAPIGAJI WENGI

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa baada ya chakula cha jioni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Mahali ambapo msemaji alitupigia vipande vya santuri pameonyeshwa kwa mabano. – Mhariri)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya jambo lolote la burudani, alinionya nisipite nusu saa. Nami nimechagua muziki ambao wenyewe tu, pasipo neno langu hata moja, huchukua nusu saa. Msiogope. Hatutausikiliza wote. Nitawapigia vipande vifupi, na baina ya kipande na kipande nitasema machache, kisha chai italetwa.

Muziki wenyewe ni Sonata ya piano katika B maina, kazi ya Franz Liszt, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1811 na kufariki mwaka 1886. Aliimaliza mwezi wa Februari 1853 mjini Weimar, Ujerumani, ikachapishwa mwaka uliofuata. Ninyi mliokuwa mkiimba katika kwaya yetu kwa do-re-mi mnajua kwamba wimbo huwa na beti na kiitikio. Sonata za wakati ule nazo aghalabu ziligawanyika katika sehemu tatu au nne, na kila sehemu ikiisha wasikilizaji hupata nafasi ya kukohoa. Hii haina nafasi ya kukohoa. Ni mwendo mmoja wa vipimo 760, na karibu kila kilichomo kimechipuka kutoka mbegu zilizopandwa katika ukurasa wa kwanza.

Mbegu ya kwanza ni noti chache za G, za chini na kavu, zikifuatwa na ngazi inayoshuka polepole, kama mtu ashukaye kisimani usiku. Ya pili ni mruko wa ghafula wa mikono yote miwili. Ya tatu ni kugonga: noti moja inarudiwa-rudiwa kule chini, mfano wa mtu anayebisha mlango kwa ngumi na ambaye hana nia ya kuondoka. Sasa tazameni ufundi wa Liszt. Baada ya dakika chache kugonga kule kule kunarudi, lakini polepole, kwa sauti ya juu na laini, nako kumekuwa wimbo wa mapenzi. Mgomvi wa mlangoni amegeuka mchumba, na hata jina hakubadili.

(Hapa vikapigwa vipande viwili: kugonga kwa mara ya kwanza, na wimbo uliotokana nako.)

Basi, kuna ubishi usiokwisha baina ya wapenzi wa piano: nani ameipiga sonata hii sawasawa? Na mara nyingi mno ubishi huo huamuliwa kwa saa ya mkononi. Fulani kamaliza kwa dakika 26, kwa hiyo ni simba. Fulani kachukua 32, kwa hiyo ni mzee. Mimi nasema saa haiwezi kuamua jambo hili. Nataka kuwaonyesha kwamba mahali pa kuwapimia wapigaji hawa ni ukurasa wa mwisho, ambao hata mwanafunzi wa miaka mitatu ya piano angaliweza kuzipata noti zake. Ili mnielewe, yafaa kwanza niwaeleze habari za ukurasa wenyewe.

Liszt alikuwa mpiga piano mashuhuri kupita wote wa karne ya 19. Aliizunguka Ulaya yote akipiga, tangu Lisbon hadi Istanbul, na mabibi wa mijini waligombania glavu zake. Mwezi wa Septemba 1847, kabla hajatimiza miaka 36, nguvu zake zikiwa kamili na kumbi zikiwa zimejaa, aliacha. Hakupiga tena piano kwa kiingilio ili ajipatie riziki yake. Akahamia Weimar kuongoza okestra na kutunga. Hebu fikirini mchezaji mpira wa taifa anayetundika viatu vyake katika msimu aliofunga magoli mengi kuliko wote.

Mtu huyo ndiye aliyeandika sonata hii miaka mitano baadaye, na muswada wake upo hadi leo, katika maktaba ya Morgan mjini New York. Picha za kurasa zake zilichapishwa kuwa kitabu na kampuni ya Henle mwaka 1973. Humo inaonekana kwamba sonata hapo kwanza ilimalizika kwa kishindo: kordi nzito za mikono miwili, sauti kubwa kabisa, mwisho wa kuwainua watu vitini. Kisha Liszt akaupiga mistari mwisho ule. Badala yake akaandika mwingine. Baada ya mbio za oktava za kutisha na kilele cha sauti yote ya piano, muziki unanyamaza kabisa. Halafu unarudi wimbo wa katikati, taratibu. Kule kugonga kunasikika tena chini, safari hii kama mtu abishaye kwenye nyumba ya mgonjwa. Ngazi inashuka kama ilivyoshuka mwanzoni. Juu kabisa zinasikika kordi tatu nyepesi, na mwisho wa yote B moja ya chini, fupi, kwa sauti ndogo. Basi.

Hii ni kazi ya mtu aliyejua makofi ni nini, kwa kuwa alikuwa ameyala kwa miaka mingi, na ambaye siku ile alichukua kalamu akayafuta. Kwa hiyo mpigaji anayeziendea oktava zile kama ndizo shabaha yake, kisha akaupitia ukurasa wa mwisho kama msafiri akusanyaye mizigo yake, ameipiga sonata ambayo mtunzi mwenyewe aliikataa.

Wenzake wa wakati ule hawakuipokea vizuri. Liszt aliitunuku kwa Robert Schumann, aliyekuwa amemtunukia yeye Fantasia yake iliyochapishwa mwaka 1839. Ilipochapishwa, Schumann alikwisha kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, ambako alifariki mwaka 1856. Mkewe Clara, mpiga piano hodari, alipigiwa na kijana Brahms mwezi wa Mei 1854, naye akaandika katika shajara yake kwamba ni kelele tupu, na kwamba ni jambo la kuchukiza kulazimika kushukuru kwa zawadi kama ile. Hans von Bülow ndiye aliyeipiga hadharani kwa mara ya kwanza, Berlin, Januari 1857, na magazeti yakamshambulia. Nayasema haya kwa vijana walio hapa ambao hupenda kuamua ubora wa kitu kwa kuangalia wangapi wamekisifu juma lile.

Sasa tuje kwenye santuri.

Ninayo ya Alfred Cortot, Mfaransa, ya mwaka 1929, na ya Vladimir Horowitz, aliyezaliwa Ukrainia, ya mwaka 1932, iliyofanywa London. Kabla hamjazisikia, kumbukeni zilivyotengenezwa. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika nne hivi au zaidi kidogo. Mpigaji alikaa mbele ya kipaza sauti, taa ikawaka, akapiga mpaka nta ya upande ule imekwisha, akakoma, popote pale alipokuwa. Kisha upande wa pili. Akikosea noti katika dakika ya nne, hakuna mkasi wala gundi. Ama anarudia upande mzima, ama anaacha kosa libaki humo milele. Sonata ya mwendo mmoja, isiyo na nafasi ya kukohoa, ilikatwakatwa kama muwa.

Cortot alikuwa mtu wa kuacha. Noti zisizo zake zimo nyingi, na katika mbio za oktava mtu hahitaji kitabu cha noti ili azisikie. Fundi wa leo asingeruhusu hata robo yake itoke dukani. Lakini sikilizeni anavyoimba pale mgomvi anapogeuka mchumba. Mkono wa kulia unachelewa kidogo nyuma ya wa kushoto, kama mtu anayetafuta neno na hataki kusema lisilofaa. Mimi ningempa mtu noti kumi safi ili anipe moja iliyochelewa hivyo.

(Hapa kikapigwa kipande cha Cortot.)

Horowitz alikuwa hajatimiza miaka 30. Hii ndiyo santuri inayotajwa kwanza kila ubishi unapoanza, na si bure. Amemaliza kwa dakika 26 na nusu hivi, na hakuna mashine iliyomsaidia; vidole vile vilifanya vile tunavyovisikia. Kinachonivutia mimi zaidi ya mbio ni namna kila sauti ilivyo na rangi yake, hivi kwamba mkono wa kushoto unatisha wakati wa kulia ungali unacheka. Mwishoni kuna shida, nayo si ya Horowitz. Santuri za wakati ule zilikuwa na mkwaruzo wa daima, kama mafuta yanayochemka katika karai. Sauti kubwa huushinda mkwaruzo huo. Sauti ndogo humezwa nao. Zile kordi tatu za mwisho zinatujia kama barua iliyolowa mvua. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Horowitz wa 1932 ni hodari wa oktava tu anahukumu sindano, hamhukumu mtu. Horowitz mwenyewe aliirudia sonata hii katika santuri iliyotoka mwaka 1977, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, akachukua karibu nusu saa. Wengi huiona imepungua. Mimi nauona mkono ulioanza kuogopa kidogo, na woga huo katika ukurasa wa mwisho haumharibii chochote.

Utepe wa sumaku uliingia katika studio mwishoni mwa miaka ya 1940, na santuri kubwa za mizunguko 33 zikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Tangu hapo mkasi ukapatikana. Kosa la dakika ya nne liliweza kukatwa na dakika ya nne ya jana kubandikwa mahali pake. Tangu hapo pia ikawa vigumu kusema, kwa santuri ya studio, tunasikia nini: mtu akipiga, ama mafundi wakishona. Silaumu. Shati la kushonwa vizuri ni shati. Ila tusilishindanishe na ngozi ya mtu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa maana santuri mbili ninazozipenda kuliko zote zimetoka karibu wakati mmoja na zinapingana kama maji na moto. Moja ni ya Claudio Arrau ya mwaka 1970. Nyingine ni ya Martha Argerich ya mwaka 1971. Mzee ametoka Chile, binti ametoka Argentina, nchi mbili zenye mpaka mmoja. Mzee alizaliwa mwaka 1903, binti mwaka 1941. Muziki ni ule ule, piano ni piano. Binti amemaliza kwa takriban dakika 26. Mzee amechukua takriban 32. Dakika sita! Katika dakika sita mtu wa kwetu hutoka bwenini, akaoga, akafika foleni ya uji. Zimekwenda wapi?

Hazikwenda pale mnapodhani. Katika mbio za oktava tofauti ni ya sekunde chache tu. Dakika zile zimekwenda katika vituo: katika nukta baina ya sentensi na sentensi, katika noti ndogondogo za mapambo ambazo kwa Argerich ni cheche zinazoruka na kupotea, na ambazo Arrau anazitamka moja moja kama mzee anayetaja majina ya ukoo wake na hataki kumruka hata mmoja. Arrau alifundishwa na Martin Krause, na Krause alikuwa mwanafunzi wa Liszt mwenyewe. Alipata kueleza kwamba miongoni mwa wanafunzi wa Liszt lilikuwa jambo la kawaida kuichukua sonata hii kuwa ni habari za Faust, yule msomi wa hadithi ya Wajerumani aliyemwuzia shetani roho yake. Liszt hakuandika neno lolote la namna hiyo juu ya sonata. Lakini ukimsikiliza Arrau unatambua kwamba yeye ana hadithi mkononi, na kule kugonga ni kwa mtu fulani, tena ana jina.

Argerich hana hadithi, au kama anayo haisimulii. Yeye yumo ndani ya nyumba inayoungua. Kuna watu wazima wenye busara wasioipenda santuri hii. Husema ni haraka isiyo na baraka. Methali hiyo nzuri haifai hapa, kwa kuwa haraka ya mtu aliyechelewa ni nyingine, na haraka ya mtu anayekimbia kumwokoa mtoto ni nyingine. Sikilizeni fuga ya katikati, pale sauti moja inapoanza peke yake, nyingine ikaifuata na kuisema yale yale, kisha ya tatu. Wengine huigeuza kuwa zoezi la darasani. Kwake ni mzaha wenye meno.

(Hapa ikapigwa fuga, kwanza Argerich, kisha Arrau.)

Naona Mwalimu wetu wa zamani wa hesabu anatikisa kichwa kwa Argerich na kaka yetu wa pale nyuma anatikisa kwa Arrau. Ndivyo inavyokuwa. Malenga wawili wakighani utenzi mmoja, hatusemi mmoja wao amekosea maneno. Tunasema huyu ameniliza na huyu ameniamsha.

Lakini nilisema kipimo changu ni ukurasa wa mwisho, na sitakikwepa. Wengi hutazamia kwamba Argerich, baada ya moto ule, ataufikia mwisho akitweta na kuumaliza haraka. La hasha. Anauachia moto uzimike wenyewe, na hagusi kitu. Ni kimya cha mtu aliyechoka kweli, wala si cha anayeigiza uchovu. Arrau kwa upande wake amekuwa akiuelekea ukurasa huu tangu noti ya kwanza. Unapofika huoni kwamba kitu kimebadilika. Unaona tu kwamba mzee amefika alikokuwa akienda.

Sviatoslav Richter simwachi, ingawa muda unakwisha. Huyu hakupenda studio, na sonata hii tunaye katika kumbi, kwa mfano Carnegie Hall, New York, mwezi wa Mei 1965, pamoja na makohozi ya watu na noti kadhaa zilizoponyoka. Katika filamu ya Bruno Monsaingeon iliyotoka mwaka 1998, Richter, akiwa mzee, alieleza siri yake ya kuianza. Alikuwa akiingia, akikaa, asitikisike, akahesabu moyoni polepole mpaka thelathini. Watu wakaanza kuingiwa na hofu: je, mtu huyu ni mgonjwa? Ndipo alipoipiga ile G ya kwanza. Wale wenye kushikilia saa za mkononi watuambie: sekunde 30 hizo ziingizwe katika hesabu ama zisiingizwe? Kwangu zimo. Mtunzi aliyeiweka sonata yake baina ya G kavu za mwanzo na B kavu ya mwisho alikuwa ameweka kimya pande zote mbili, na Richter ndiye peke yake aliyekipiga kimya cha kwanza kama sehemu ya muziki.

Krystian Zimerman, Mpolandi, aliirekodi mwaka 1990. Nampitia haraka kwa kuwa sina la kumkosoa, na mtu asiye na la kukosoa huwachosha wenziwe. Dakika 30 na kidogo, hakuna noti iliyopotea, na mtambo wa kisasa usio na mkwaruzo unatuwezesha kuisikia ile B ya mwisho mpaka inapokufa. Ivo Pogorelich, aliyezaliwa Belgrade, karibu miaka ile ile alichukua dakika 33 na zaidi. Ni santuri ya kusikilizwa mara moja na mtu mwenye afya njema.

Siku hizi vijana wanazo hizi zote katika simu zao, na wanaweza kuruka kutoka Cortot hadi Zimerman kwa kidole kimoja. Ni neema kubwa, na sitaki kulalamika kama wazee walalamikavyo. Jambo moja tu linanisumbua. Anayeruka-ruka hivyo huenda moja kwa moja kwenye oktava, kwa kuwa ndizo zinazolinganishwa upesi, naye hufunga pale zinapokwisha. Ukurasa wa mwisho haulinganishwi upesi. Haufai kitu kwa mtu ambaye hakuzipita dakika 25 zilizotangulia. Hata ukumbini hutokea mmoja, daima ni mmoja, anayepiga makofi ile B ikiwa bado hewani ili wenziwe wajue kwamba yeye anajua muziki umekwisha.

Mkiniuliza ni ipi ningechukua kama ningeruhusiwa moja tu, ningechukua ya Arrau, na ningemwazima Argerich kwa jirani kila Jumamosi.

Bwana Mwenyekiti, dakika zilizobaki naomba tuzitumie kumsikiliza mzee huyo kuanzia kwenye oktava hadi mwisho. Ndugu mnaoshughulikia mtambo, tafadhali msiongeze sauti itakapopungua, imekusudiwa ipungue. Wenzetu wa jikoni nao naomba wangoje kidogo na vikombe. Baada ya ile noti ya chini, nipeni nafasi ya kuhesabu moyoni mpaka kumi, kisha mtu yeyote mwenye swali ainue mkono.

(Hapa ukapigwa mwisho wa sonata. Maswali yaliendelea hadi saa nne na nusu usiku.)